Mwana wa Mfalme wa Kwari

Shiko aliinua shati jeupe la shule kwenye mwanga wa mlango, akaligeuza kola, akalitazama tena.

"Anti, nani ameweka uzi mwekundu hapa?"

Nduku alikuwa ameinama mezani akipima kitambaa, pini mdomoni. Alizitoa kwanza. "Uzi mwekundu tungetoa wapi? Kazi yote ni nyeupe."

"Si ndio nashangaa. Hebu kuja uone."

Alikwenda akaona. Ndani ya kola, pale nguo inapogusa ngozi ya shingo, mshono mwembamba mwekundu ulikuwa umezunguka kutoka upande wa kifungo hadi upande wa tundu. Shati la pili lilikuwa hivyo hivyo. La tatu pia. Mashati arobaini waliyoyashona kwa siku mbili katika kile kibanda chao cha ushonaji mtaani Ngoingwa, yote yalikuwa na pete nyekundu shingoni, mshono ulionyooka kuliko wa fundi yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Na dukani hamkuwa na hata kipande kimoja cha uzi mwekundu.

Shiko, msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye mdomo mwepesi, alisema labda cherehani imeingiwa na wazimu. Nduku hakucheka. Alichukua wembe akaanza kufumua, na kila alipokata uzi ule, harufu ilimpanda puani: vumbi la mawe lililoloa maji. Harufu hiyo alikuwa hajaisikia kwa miaka kumi na tisa.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mtulivu, mtu wa kanisa na kazi yake. Majirani walimjua kwa yunifomu. Hakuna aliyejua kwamba kabla ya cherehani alikuwa karani wa kwari ya mawe kule Mwihoko.

Saa saba mchana simu ililia. Alikuwa mke wa Zacharia, aliyekuwa nyapara wa kwari ile.

"Nduku, Zacharia ametuacha. Tumempata ameinamia beseni ya kunawa uso. Maji yenyewe hayafiki hata kidole kimoja. Mtu anazamaje kwa maji kama hayo?"

"Na shingo?" Nduku aliuliza kabla hajajizuia.

Yule mama akasema kwa sauti ya chini sana, "Nani amekuambia kuhusu shingo?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Lakini alijua, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeandika hukumu.

Zamani zile, kwari ya Mwihoko ilikuwa na dimbwi katika kona yake ya chini kabisa, maji ya kijani ambayo hayakukauka hata kiangazi. Kila mwaka, masika yakiisha, mfanyakazi mmoja alikutwa humo amekufa. Hakuna aliyeteleza wala aliyekuwa amelewa. Mtu aliacha nyundo yake mchana mweupe, akatembea hadi majini kana kwamba ameitwa kula, akaingia. Miaka tisa, watu tisa. Wa tisa alikuwa Kivuva, mchonga mawe, mume wa Nduku; walikuwa wameoana kwa miezi kumi na minne tu.

Ndipo wafanyakazi walipokwenda Ngoliba kumwita Mzee Kyengo, mganga ambaye hata wachungaji walimwendea kwa siri. Mzee alikaa kando ya dimbwi kutwa nzima, akasema, "Humu mna jini, na si jini wa kubahatisha. Ni mfalme. Kila mwaka anachukua mtu kama vile chifu anavyochukua kodi. Nikimfukuza atarudi. Lazima ahukumiwe mbele ya watu, na watu watie sahihi, ili damu yake isiwe ya mtu mmoja."

Walimtoa kwa kamba za katani saa sita mchana. Alitokea na umbo la mtu mrefu, ngozi ya rangi ya jiwe, na maji yalimtiririka bila kukoma. Mzee Kyengo alimsomea majina ya watu tisa, akamuuliza kama ana la kusema. Mfalme alisema neno moja tu: "Nani amewapa ninyi mamlaka?" Akarudia hilo hilo kila alipoulizwa. Mwishowe Nduku aliandika hukumu kwenye karatasi ya kwari, mkono wake ukiwa mkavu na moyo wake ukiwa mkavu zaidi. Wanne wakatia sahihi: Mzee Kyengo aliyehukumu, Zacharia aliyesimamia, Urbanus aliyeshika shoka, na yeye karani. Shoka likashuka shingoni mara moja. Mwaka uliofuata hakuna aliyekufa, na mwaka wa pili vilevile, hata kwari ikafungwa kwa sababu nyingine kabisa na watu wakatawanyika.

Sasa Zacharia alikuwa amelala kwenye jeneza, skafu imefungwa shingoni siku ya joto. Na pale matangani Nduku alisikia la pili. Kaburi la Mzee Kyengo, aliyefariki kwa uzee miaka minne iliyopita, lilikuwa limekutwa wazi majuma mawili nyuma. Mifupa yake ilikuwa imefungwa kwa katani kwenye nguzo ya geti la shamba lake, wima, na kichwa kimewekwa juu ya nguzo ya pili.

Nduku alirudi Ngoingwa akamwaga maji yote yaliyokuwa dukani. Beseni, ndoo, hata kikombe. Shiko alimtazama tu.

"Anti, uko sawa?"

"Usiache maji wazi. Ukinywa, maliza. Ukinawa, mwaga."

"Kwa nini?"

"Fanya tu vile nimekuambia, mama."

Lakini mtu hawezi kulinda kila tone. Siku ya Jumanne iliyofuata, jua likiwa utosini na vivuli vimejificha chini ya miguu ya wenyewe, Shiko alijaza maji kwenye pasi ya mvuke, akasahau kifuniko, akainama kuipuliza vumbi, na Nduku, aliyekuwa amempa mgongo, akasikia cherehani zote mbili zikianza kwenda zenyewe, taratibu kwanza, kisha mbio, sindano zikitoboa ubao mtupu, na ile harufu ya vumbi bichi ikajaa kibandani mpaka mtu akahisi chengachenga kati ya meno, na alipogeuka akamwona Shiko amekaa wima kwenye kiti, mikono magotini kama mtu aliyezoea watu kukaa mbele yake, maji yakimtoka kwenye nywele na kudondoka sakafuni, ingawa hakuna aliyemmwagia maji.

Cherehani zilinyamaza.

"Karani," alisema. Sauti ilikuwa ya kijana wa kiume, ya pole.

Nduku alishika ukingo wa meza. "Mwache msichana. Hata hakuwa amejua kuandika wakati ule."

"Sitamdhuru. Nahitaji mdomo tu." Yale macho yasiyo ya Shiko yalimtazama bila kupepesa. "Mlipomkata baba yangu, watu wangu walinitorosha hadi Kilimambogo. Nimekaa mlimani miaka kumi na minane kwenye tundu ambalo hata fisi angelikataa. Mvua kubwa zikajaza kwari, wakaja kunichukua, wakaniketisha kwenye kiti chake. Jambo la kwanza waliloniuliza ni nitawafanyia nini watu wa kwari. Nikawaambia nimewasamehe. Waliovuta kamba nimewasamehe, waliopiga vigelegele nimewasamehe. Ufalme hauwezi kuanza kwa kuua kila mtu. Lakini majina manne yaliyo kwenye karatasi, hayo sikuyasamehe."

"Basi mimi niko hapa. Kwa nini hukuanza na mimi?"

"Siku ile nilikuwa nyuma ya jiwe, mdogo kama mjusi. Wewe uliniona. Mzee aliuliza kama kuna mwingine, nawe ukanyamaza." Shiko aliinamisha kichwa kidogo. "Kwa hilo nakupa nafasi ambayo wenzako hawakuipata. Aliyeshika shoka amejificha. Mimi hutembea majini, na yeye anakaa mahali pasipo maji. Nitajie nyumba yake, nami nitalifuta jina lako. Usiponitajia, Ijumaa saa sita nitaondoka na wewe, na mdomo huu pia."

Kisha Shiko akalegea, lakini hakurudi. Alibaki macho wazi, baridi kama sakafu ya bafu, akipumua polepole.

Majirani walisaidia kumlaza nyumbani kwa Nduku. Mchungaji aliitwa, akaja na wamama wawili wa maombi. Aliweka mkono kwenye paji la uso la msichana akaanza kukemea. Ile sauti ya kijana ikamjibu kwa heshima zote: "Mchungaji, wewe hukuandika chochote. Rudi nyumbani ukale." Mchungaji aliendelea kidogo, sauti ikipungua, kisha akasema atarudi na wazee wa kanisa. Hakurudi.

Jumatano Nduku hakuweza kutulia. Alikaa akainuka. Alifika hadi dukani akageuka njiani, akaingia kanisani akatoka kabla hajapiga goti. Alikuwa anajua Urbanus alipo. Zaidi ya mwaka mmoja nyuma Urbanus alikuwa amempigia simu usiku mmoja, akamwambia kwamba amemwona mtu kwenye ndoo yake ya maji, na kwamba anahamia kwa binti yake kule Membley, asimwambie mtu. Neno moja tu lilitosha. Angelisema hapo hapo kitandani, sikioni mwa Shiko, na lingekuwa limekwisha.

Alhamisi asubuhi alipanda boda boda, akaenda Membley mwenyewe.

Binti alimfungulia. Mwongeli alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu, mwenye uso ambao haukutoa kitu bure. Ndani ya ile nyumba nzuri mifereji yote ilikuwa imefungwa kwa vitambaa na mipira. Maji yalikuwa kwenye chupa zenye vifuniko, zimepangwa ukutani. Hapakuwa na chombo cha maua, wala sinki lenye unyevu.

"Baba yuko stoo," alisema. "Dakika kumi, tafadhali."

Stoo ilikuwa chini ya ngazi, pasipo dirisha. Nduku alimkumbuka Urbanus kama jitu la kwari, mtu wa kubeba jiwe la kujengea begani huku akiimba. Aliyekuwa ameketi kwenye godoro alikuwa mzee mweupe kama chipukizi la kiazi lililoota gizani. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kukosa maji.

"Nduku." Alitabasamu. "Zacharia?"

"Amekwenda. Na Mzee Kyengo wamemfukua."

Alimweleza yote, pamoja na ile ahadi. Urbanus alisikiliza akikuna magoti.

"Ungenitaja tu," alisema mwishowe. "Ungekuwa nyumbani sasa hivi, na huyo msichana amepona."

"Ningeweza."

"Mbona umekuja basi?"

"Nilitaka nijue kama nitaweza kukutaja baada ya kukuona uso."

"Na sasa?"

"Siwezi, Urbanus. Kesho saa sita nitakwenda kwari mwenyewe. Nitamwomba amwache Shiko."

Urbanus aligeukia ukuta. Mabega yalitikisika, lakini machozi hayakutoka; hakuwa na maji ya kutosha mwilini. "Nimekaa humu miezi kumi na minne," aliuambia ukuta. "Usiniombe nitoke. Siwezi, dada. Usiku nasikia choo cha jirani kikivutwa na nauma blanketi."

"Sijakuomba."

Mlangoni Mwongeli alimshika mkono, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mama, nimesikia kila kitu. Nakuheshimu. Lakini usikanyage hapa tena, na usiseme kwamba ulifika."

Ijumaa Shiko aliinuka mwenyewe saa nne, akavaa viatu, akasimama mlangoni akingoja. Boda boda iliwashusha nje ya uzio wa kwari, na mwendeshaji akaondoka upesi bila kusema kwa nini. Mwihoko yote ilikuwa imewazunguka, nguo kwenye kamba, redio, watoto, mtu akichomelea geti mahali. Lakini kadiri walivyoshuka ile njia ya malori sauti zilikatika moja moja, redio, kisha watoto, kisha chuma, hata kukawa hakuna kitu ila viatu vyao kwenye kokoto, na Shiko alitangulia bila kutazama chini, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba aliyozaliwa, na chini kabisa maji ya kijani yalikuwa yametanda kutoka ukuta hadi ukuta, bila kiwimbi, na jua lilipofika utosini Nduku aliona kwamba kila kitu kilikuwa kimepoteza kivuli chake isipokuwa maji yale, ambayo yalikuwa na kivuli kirefu cha mtu aliyeketi.

Akatokea. Alikuwa kijana, mrefu kama baba yake, ngozi ya jiwe, maji yakimtiririka. Hakufungua mdomo. Shiko ndiye aliyesema, kando ya Nduku.

"Hukunitajia."

"Sikukutajia. Nichukue mimi, umwache huyu."

"Unadhani nafurahi? Baba alinibeba mgongoni. Nilimwona akikatwa."

"Na mimi nilimwona Kivuva akitolewa humu." Nduku aliyaonyesha maji kwa kidole. "Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Baba yako alimwita kama mbuzi. Hujawahi kuambiwa hilo huko mlimani, najua. Baba alibeba mwanawe mgongoni, na alikula watu. Yote mawili ni kweli."

Maji yalijikunja kidogo, kama ngozi ya mnyama iliyotuliwa na inzi.

"Kama ungekuwa mimi," Shiko akauliza, "ungesamehe?"

Nduku alijua jibu ambalo lingemwokoa. Alilifikiria. Lakini alikuwa amechoka, na tena alikuwa mbele ya mtu aliyempoteza baba.

"La," alisema. "Nisingesamehe. Mimi mwenyewe niliandika karatasi ile kwa furaha."

Kijana wa jiwe alinyoosha mkono. Nduku akahisi baridi ikimzunguka shingo, nyembamba kama uzi, ikaanza kukaza. Ndipo kokoto zikasikika nyuma yao.

Urbanus alikuwa anashuka njia ya malori. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi, ya enzi alipokuwa mnene, kiganja juu ya macho, akijikwaa kwenye mwanga kama mtoto anayejifunza kutembea. Alimpita Nduku bila kusimama.

"Geti lilikuwa wazi," alimwambia, karibu kama anayeomba radhi. "Mwongeli alikwenda shuleni akasahau kufunga. Nikasimama pale. Jua, Nduku. Nilikuwa nimesahau lilivyo." Kisha akamgeukia kijana. "Ni mimi niliyeshika shoka. Huyu alishika kalamu tu."

Hakuna aliyemgusa. Aliingia majini na suti yake, magoti, kiuno, kifua, na maji yalipomfika shingoni yakasimama hapo. Pale maji yalipokutana na ngozi pakazuka mstari mwekundu, mwembamba, ulionyooka, ukamzunguka wote. Urbanus alifungua mdomo akanywa funda moja kubwa la maji, kama mtu mwenye kiu ya miezi kumi na minne. Kisha kichwa kikazama kimya kimya, baridi ikalegea shingoni mwa Nduku, na dimbwi likawa tupu, hata kijana wa jiwe hayupo.

Shiko aliketi chini kwa kishindo. "Anti," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "mbona niko hapa? Mbona viatu vyangu vimeloa?" Nduku alimkumbatia. Sauti za Mwihoko zilirudi moja moja.

Walipanda juu. Shiko alipona, akarudi kazini, na yote yale hakuyakumbuka ila baridi. Mashati yalitoka meupe. Nduku hakuota ndoto mbaya. Wakati mwingine alisimama katikati ya kazi, akaenda hadi mlangoni, akarudi, bila kujua alikuwa anatafuta nini.

Masika yalipokwisha mwaka uliofuata, Mwongeli alikuja dukani. Alikuwa amepunguza nywele. Nduku alimpa kiti, na kwa mazoea akatazama huku na huku kama kuna maji.

"Sikuja kukulaumu," Mwongeli alisema. "Juzi kijana wa kuosha magari amezama kule kwari. Alitembea tu akaingia. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwa hivyo ameanza kama baba yake."

Shiko alisimamisha cherehani.

"Nimetoka Kitui," Mwongeli akaendelea. "Nimempata mzee mmoja anayejua kazi ya kamba. Watu wa kutia sahihi nimepata kumi na wawili. Kile ninachotaka kwako ni kidogo sana, na baada ya hapo sitakusumbua. Wewe umemwona karibu. Wewe peke yako." Alisogeza kiti. Uso wake ulikuwa umetulia, na macho yake hayakupepesa. "Huyo ana mtoto?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu safari hii," alisema Mwongeli kwa upole, "hatutaacha mtu nyuma ya jiwe."